Moshi Unaelekea Wapi

Mtaani walimwita Fundi Bomba, na kila mgeni alidhani anafunga mabomba ya maji. Yeye hakumsahihisha mtu. Alimwacha mgeni aeleze habari za mfereji unaovuja, akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akasema, "Pole sana. Mimi ni wa moshi." Nimemjua kwa miaka mingi. Nimemwona akicheka, nimemwona akinuna, nimemwona amejilaza juu ya paa langu saa saba mchana kama mjusi. Lakini nikiulizwa alikuwa mtu wa namna gani, naanzia hapo kila mara: alikuwa mtu wa kusikiliza shida isiyomhusu mpaka iishe.

Kazi yake ilikuwa moja tu, kuunganisha jiko la kuni au la mkaa na dohani ya nyumba, ili moshi upande na watu wabaki chini wakipumua. Mtu anaweza kuuliza Mwanza na joto lake inataka dohani za nini. Zilijengwa na wakoloni kwenye majiko ya nyumba za vilimani, dohani nene za matofali. Wapangaji waliofuata walipikia mafuta ya taa, dohani zikabaki za popo. Halafu ikaja miaka ya tisini, soko likawa huria, bei ya mafuta ya taa ikawa inapanda kila ukilala na kuamka. Watu wakapunguzwa kazi viwandani na maofisini, na wake wa mabwana wakubwa wakarudia kuni kimyakimya. Hapo ndipo dohani zilipokumbukwa.

Fundi mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Alikuwa mtu wa boila katika kinu cha kuchambulia pamba, akilisha moto tangu ujana wake, mpaka wanunuzi binafsi walipoanza kusimamisha mizani yao kando ya barabara na kinu kikakosa pamba. "Walinipa barua na godoro," aliniambia. Nilimwuliza kwa nini godoro. Akasema na yeye alijiuliza hivyo hivyo, na kwamba lilikuwa godoro zuri.

Alikuwa mwembamba, na msafi kupita kiasi kwa mtu wa masizi. Kila jioni alioga ziwani kwa sabuni ya kufulia kabla ya kuingia nyumbani. Mfukoni mwa shati alibeba vitu viwili, kioo cha kunyolea na leso nyeupe. Kioo kilikuwa cha kutazamia ndani ya dohani: alikiingiza kwa chini, akakiinamisha, akatafuta mwanga wa juu. "Usipoiona mbingu, usiwashe moto," alisema. Leso ilikuwa ya maungio. Jiko likishawaka vizuri aliipitisha taratibu kila mahali bomba lilipokutana na bomba jingine, na ikitoka na doa alifumua kazi yote akaanza upya, hata kama wenye nyumba wameshapanga sahani. Mkewe ndiye aliyeifua leso ile. Nilipokuja kuzoeana naye aliniambia kwamba katika ndoa yao hakuna kilichomchosha kama leso.

Hakuwa mtu wa hotuba. Ukitaka kujifunza kwake ilibidi umwone akikataa. Alikataa bomba lipite karibu na mbao za dari. Kipimo kilikuwa viganja vitatu vyake, na alikuwa na viganja vikubwa. Alikataa kona zaidi ya mbili, kwa sababu moshi, alisema, ni mvivu kama sisi, ukiupa kona nyingi unakaa chini. Alikataa mabati mapya ya kuezekea yaliyokuwa yamejaa madukani, kwa kuwa yakipata moto yanatoa harufu ya kuumiza kichwa. Mabomba yake aliyakata kutoka mapipa na vyuma chakavu vya boila. Alikataa kabisa kufunga jiko katika chumba kisicho na tundu la kuingizia hewa. Mama mmoja alimlalamikia kwamba tundu litaingiza panya. "Panya utamwona, mama," akamjibu. "Hewa mbaya ya mkaa hutaiona."

Ugomvi wake mkubwa na mafundi wapya wa mjini ulikuwa juu ya kuunga bomba. Wengi wao walikuwa waezekaji, na mwezekaji hulaza bati la juu lifunike la chini ili mvua iteleze nje. Wakaunga na mabomba ya moshi vivyo hivyo. Fundi alifanya kinyume, bomba la juu alilitia ndani ya la chini. Moshi wa kuni una maji na lami, na ukipoa lami inateremka kwa ndani. Ikikuta ungio la mwezekaji inachomoza nje na kuchuruzika ukutani, nyeusi kama kahawa. "Paa linazuia cha nje kisiingie," alimwambia mmoja wao mbele yangu. "Bomba linazuia cha ndani kisitoke. Wewe umejenga paa." Yule fundi akasema siku hizi soko huria, kila mtu na mtindo wake. "Soko ni huria," akasema Fundi. "Moto si huria." Wakacheka wote wawili, lakini bomba likafumuliwa.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alinuna kwa siku nzima akipewa chai isiyo na sukari ya kutosha. Alipanda mapaa marefu peku bila hata kushika ukingo, lakini aliogopa maji yenye kina. Kwao ni Busisi, na kila alipokwenda msibani alivuka kutoka Kigongo amefumba macho, ameshika nguzo ya kivuko kwa mikono miwili, huku mbuzi na akina mama wa dagaa wakimtazama. Na kubwa kuliko yote, mtu aliyefunga majiko ya nusu ya mji, mkewe alipika kwa mafiga matatu nyuma ya chumba walichopanga Igogo, chini ya kipande cha bati, macho yamevimba kwa moshi. "Mganga hajigangi," mkewe alisema, kwa sauti ya mtu aliyelisema neno hilo mara nyingi mpaka likaisha chumvi. Mimi nilimhukumu kwa jambo lile, nakiri. Nilidhani ni uvivu wa waume.

Sababu niliijua kwa njia ya aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimegawiwa nusu ya nyumba ya zamani kule Isamilo, ile nusu yenye jiko na dohani. Mama yangu aliletwa kutoka Kisesa na kikohozi kilichozidi kikohozi. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwuliza amepikia kuni ndani ya nyumba kwa muda gani. "Tangu nijue kupika," Mama akasema. Daktari akanivuta pembeni. Akirudi kwenye moshi ule, alisema, hutakuwa naye muda mrefu.

Basi nikaazimia abaki kwangu. Mama naye akaazimia lake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la Mama lilikuwa mwiko. Hakukubali kukaa kwenye kochi akisubiri sahani. Ugali wa jiko la mafuta ya taa aliusukuma pembeni, akasema unanuka gari. Jiko la mkaa nikiliweka ndani kichwa kilimuuma. Nikiliweka nje mvua ilitukuta maji yakiwa ndiyo kwanza yanachemka. Wiki ya pili akafunga kanga zake kwenye fuko.

"Sikuja kufugwa kama kuku wa kizungu," alisema. "Jumamosi narudi kwangu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nikashuka Igogo mbio, nikamkuta Fundi kibandani karibu na reli, akipiga nyundo mlango wa jiko. Nilimweleza yote huku nikihema. Alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, akachukua mfuko wa vifaa, tukapanda mlima.

Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe nje ya nyumba, fuko lake miguuni. Fundi alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Mwangaluka, mayu," akamsalimia kwa Kisukuma alichokipata kinuni, akimwita mama. Mama akaitikia, akamtazama kuanzia miguu hadi kichwa, akasema angalau huyu ana adabu.

Ndani, Fundi aligonga dohani kwa mpini wa nyundo huku ameweka sikio, akatia kioo chake kwa chini, akakaa nacho kwa muda, akakitoa, akakifuta. Hakusema ameona nini. Akaweka nyasi mbichi kiganja kimoja juu ya magunzi makavu pale chini ya dohani, akayatia moto wa kupima tu, akaziba uwazi wa mbele kwa bati, akaniambia nitoke nje nisimame karibu na tangi la maji, nitazame juu.

"Moshi unatoka?" akapaza sauti.

Nilitazama. Niliona dohani, niliona wingu nyuma yake, nikaona na fuko la Mama. Fuko ndilo nililoliona vizuri zaidi. Nikafikiri, kama ni kidogo utakuwa unatoka, mbona huyu ni fundi, kama kuna tatizo si atajua. "Unatoka, fundi," nikasema. "Mweupe kabisa."

Fundi akauliza tena kutoka ndani: "Unaelekea wapi?"

Hilo sikulitegemea. "Juu," nikasema.

Mama akaguna pale kwenye jiwe lake. "Moshi wote unaelekea juu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani. "Fundi, huyu mwanangu hajaona kitu. Na mimi sioni kitu. Naona popo mmoja tu, na yeye anashangaa."

Fundi akatoka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinichoma zaidi. "Mwalimu," akaniambia, "uliona kwa macho au kwa hamu?" Nikaangalia chini. Akakusanya vifaa vyake, akamuaga Mama kwa heshima, akateremka mlima. Nikabaki na dohani iliyokufa, na mama anayeondoka Jumamosi, na uso usiojua pa kujificha. Nilikuwa nafundisha watoto sitini wasiseme uongo.

Usiku ule sikulala vizuri. Alhamisi baada ya vipindi nikarudi Igogo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, lakini nilipofika nikasema moja tu, kwamba nilidanganya kwa sababu naogopa Mama atakufa.

Fundi alinivutia gogo nikae. Akanisimulia jambo ambalo, alisema, hata mkewe hulisikia kwa vipande. Alipokuwa bado kinuni alimfungia jiko mwenzake wa boila, katika nyumba ya kampuni yenye dohani. Wakati ule alijiona hodari. Hakupanda juu wala hakutia kioo. Aliwasha, akapaza sauti kutoka ndani, moshi unatoka? Na mwenzake aliyekuwa nje akajibu, unatoka, fundi, Mungu akubariki.

"Hakuwa ameinua hata kichwa," Fundi alisema. "Alikuwa ananiheshimu. Angesemaje kwamba kazi ya rafiki yake haifai, mbele ya majirani? Popo walikuwa wameijaza dohani ile tangu chini mpaka juu. Mama mzazi wa mwenzangu yule alikuwa na homa, akatandikiwa karibu na jiko lenye mkaa. Hakuamka."

Akapiga nyundo mara mbili tatu, polepole, mahali pasipohitaji nyundo.

"Sisi tuna adabu inayoua, mwalimu. Mtu akituuliza jambo kwa matumaini, tunamrudishia matumaini yake. Jana kioo kilishaniambia dohani yako imeziba. Sikukuuliza ili nijue habari za dohani. Nilikuwa natafuta habari zako. Jiko nitalifunga niende zangu, wewe ndiye utakayebaki nalo. Nani atalitazama?"

Nikamwuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, ndiyo sababu kwake hakuna dohani? Akatikisa kichwa kukubali. "Kwangu nani ataniambia kweli? Mke wangu ananipenda."

Ijumaa alfajiri alikuwa juu ya paa langu. Aliteremka na kitu cheusi kigumu kama ngozi ya mbuzi iliyokauka, akakitandaza juu ya meza yangu ya kusahihishia madaftari. Ilibidi anionyeshe mafundo ndipo nikaelewa ni wavu wa dagaa. Kila mtu wa Mwanza anajua siku zile wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda kama wingu na kuja mjini, wanaingia machoni, puani, kwenye mchuzi. Mpangaji aliyenitangulia, bwana mmoja mwenye akili nyingi, alimwita mvuvi akafunga wavu wa dagaa kwenye mdomo wa dohani ili wasiteremke jikoni. Majirani walimsifu sana kwa ubunifu ule, wengine wakamwiga. Siku chache za kuni zilitosha masizi kushika zile tundu ndogo moja moja, mpaka ukawa mfuniko. Fundi alisema ameshateremsha nyavu kama ile kwenye nyumba tano za mlima ule. "Mdudu hashuki penye moto," alisema. "Ukipika, umemfukuza."

Siku ile yote alifanya kazi. Alifagia dohani kwa kamba, jiwe na fungu la miiba. Darini alipenya na nyasi zake zikifuka kule chini, akitafuta ufa unaovujisha. Alipata mmoja, akauziba kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu. Akaziba uwazi wa zamani kwa bamba la chuma, akapitisha bomba katikati yake, likipanda kidogo kidogo, kona moja tu. Chini aliacha kimlango cha kutolea masizi. Akatoboa tundu la hewa ukutani, usawa wa goti. Mama alisogeza jiwe lake mpaka mlangoni ili amwone vizuri, akawa anampa amri, naye akawa anazikataa moja baada ya nyingine, na nadhani wote wawili walikuwa wanafurahi.

Jumamosi asubuhi fuko lilikuwa bado limefungwa. Fundi aliwasha kwanza gazeti, kuipasha dohani joto, kisha magunzi, kisha nyasi. Safari hii hakunituma mimi.

"Mayu," akaita. "Moshi unatoka?"

Mama alichukua muda wake. Nilimwona amekunja uso, ameweka kiganja juu ya macho. Nilitaka kumwombea aseme ndiyo, na nikaogopa hata kuomba.

"Unatoka," alisema. "Mwembamba. Wa kijivu. Umeyumba kwanza, sasa umepinda unaelekea Bugando."

Leso ilizunguka kila ungio ikatoka nyeupe. Mama aliingia, akalitazama jiko kwa dharau ya heshima, akauliza unga uko wapi. Fuko alilifungua baada ya kula. Niliinamia sahani nisije nikalia, maana Mama hakupenda mtu alie karibu na chakula.

Kikohozi hakikuisha, nisije nikadanganya tena. Kilipungua, mwezi kwa mwezi, mpaka akaweza kupanda mlima kutoka sokoni akisimama mara mbili badala ya saba. Fundi alikuwa anapita kila baada ya miezi kadhaa kufagia dohani, na kila mara Mama alimpa taarifa kama karani: siku gani moshi ulikuwa mweusi, siku gani upepo wa ziwa uliurudisha kidogo. Kwa wawili wale hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo. Mimi nilitumwa chai, yenye sukari ya kutosha.

Muongo ulipokuwa ukingoni macho ya Fundi yakaanza kupata ukungu. Hakumwambia mtu. Tuliligundua kwa leso: aliipitisha kwenye ungio, ikatoka na doa kubwa, akaitazama karibu kabisa na pua, akasema, "Safi." Mama akanitazama. Kisha akasema, kwa upole ambao sikuujua kwake, "Si safi, fundi." Fundi alifumua ungio lile akalifunga upya kwa vidole tu, na lilifungika barabara. Lakini baada ya hapo hakuchukua kazi nyingine. Alifunga kibanda, akavuka kurudi kwao na mkewe. Wale walioshuhudia walisema alipanda kivukoni mwenyewe na jiko moja zito la chuma cha boila, lile ambalo miaka yote lilikaa kwenye kona ya kibanda na hakukubali kulitoa kwa mtu. Alilikalia njia nzima, amefumba macho.

Mwaka mmoja baadaye mama mwuza samaki alinifikishia ujumbe. Fundi anakuita Busisi. Alisema aje yule mwalimu aliyewahi kusema uongo.

Mama alikuwa hawezi tena safari ya namna ile, lakini alinifungia michembe kwenye kitambaa, viazi vile alivyokausha yeye mwenyewe juu ya mawe ya Isamilo, akanipa na maagizo. "Uniletee habari za moshi wake."

Nilimkuta uani, amekonda zaidi, shati safi, leso mfukoni. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwalimu. Mayu anapumua?" Nikasema anapumua na anatoa amri. Akacheka. Kisha akanishika mkono akanionyesha kwa kuugusa ukuta: jiko dogo la matofali nyuma ya nyumba, ndani yake lile la chuma cha boila, na dohani yake. Matofali yalipangwa na mwashi wa kijiji, lakini kila ungio la bomba lilikuwa la vidole vyake. Mkewe alisimama mlangoni, mikono ameificha ndani ya kanga. Majirani wawili walikuwa wamekuja kutazama. Mafiga matatu yalikuwa bado pale pembeni, na majivu ya asubuhi.

"Mimi sioni mbingu tena kwenye kioo," Fundi alisema. "Na dohani mpya ina unyevu, hurudisha moshi kidogo mwanzoni, kwa hiyo pua nayo haiwezi kuniambia. Kasimame mbali."

Nikaenda kusimama. Mkewe akanifuata. Nilisikia kiberiti, nikasikia magunzi yakishika.

"Mwalimu! Moshi unatoka?"

Nilitazama. Hapakuwa na kitu. Mdomo wa dohani ulikuwa kimya, na moshi mwembamba ukaanza kujitokeza kwa chini, mlangoni, alikokuwa yeye.

Mkewe akanigusa kiwiko. "Mwambie unatoka," akanong'ona. "Tafadhali, mwanangu. Amelisubiri jambo hili sana. Kesho nitamweleza mwenyewe polepole." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na si ya moshi. Nikamwelewa. Nilimwelewa kuliko mtu yeyote duniani angeweza kumwelewa, na majirani walikuwa wanatazama, na mzee amesimama ndani hana macho.

"Sioni moshi, fundi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Hakuna kitu kabisa."

Mkewe akafunika mdomo. Nikaendelea kutazama, kwa sababu nilijua swali linalofuata, na ndipo nilipoona kwamba matofali ya juu kabisa hayakuwa matofali. "Naona gunia," nikasema. "Gunia la pamba, limefungwa kamba ya katani. Limelowa likawa rangi ya udongo."

Fundi akatoka nje akikohoa, ameshika ukuta. Nilidhani ataaibika. Alicheka mpaka akainama. "Mimi," akasema. "Ni mimi niliyemwambia mwashi aifunike dohani, mvua isiguse udongo mbichi. Nyavu za watu nimeteremsha mji mzima, la kwangu nimelisahau." Akageuza uso upande wa mkewe, akamtafuta kwa mkono mpaka akampata. "Na wewe ulimwambia aseme unatoka." Mkewe akasema ndiyo. "Najua," akasema, na hakuuachia mkono wake.

Jirani mmoja akaleta upondo wa mtumbwi. Nililisukuma gunia lile mara mbili bila mafanikio, ya tatu kamba ikakatika na likaniangukia kichwani na udongo wake wote. Walicheka wote, na mimi nikacheka, na nilipomaliza kufuta macho moshi ulikuwa umeshatoka.

"Unatoka," nikasema, kabla hajauliza. "Mwingi, mweupe. Sasa unapungua, unakuwa wa kijivu."

"Unaelekea wapi?"

Niliufuata kwa macho mpaka ulipopita mitumbwi. "Umeshuka ziwani, fundi. Unavuka kwenda Kigongo."

Akafikiri kidogo. "Macho wazi?"

"Macho wazi."

Akatoa leso, akampa mkewe aingie akazungushe kwenye maungio mwenyewe, aone, aseme anachokiona. Tulimsubiri nje. Alichukua muda mrefu. Alipotoka aliikunjua mbele yangu kwanza, nyeupe kote, kisha akamwambia mumewe neno moja ambalo sikulisikia, akaenda akamwaga maji juu ya majivu ya mafiga.

Nilirudi Mwanza jioni. Mama alikuwa jikoni ananipa mgongo, anasonga, mlango wa jiko ukitoa mwanga kidogo. Nikamweleza yote, gunia, upondo, Kigongo. Hakugeuka mpaka nilipomaliza.

"Uliona kwa macho?"

"Kwa macho, Mama."

"Haya," akasema, akapakua. "Nawa mikono."